Maziwa, Nyama na Wanyama wa Mkomazi: Kazi ya Mtafiti na Kinachomhusu Mlaji

Anayesafiri kutoka Mwanga kuelekea Korogwe huiona milima ya Upare ikimfuata upande wa kushoto. Asipoambiwa, hawezi kujua kwamba nyuma ya milima hiyo, kuanzia lango la Zange lililo kilomita chache tu kutoka mji wa Same, imetandaa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200. Kwa upande wa kaskazini hifadhi hiyo inapakana na Tsavo Magharibi ya nchini Kenya, na tembo na nyati huvuka mpaka wa nchi hizi mbili kadiri mvua inavyowaelekeza. Kwa upande wa kusini viko Kisiwani, Maore, Ndungu na vijiji vingine vya tambarare, ambako ng'ombe na mbuzi hulishwa, na ambako sehemu ya maziwa na nyama inayofika jikoni mwa mlaji wa Same na Moshi hutoka.

Mlaji huyo ana haki ya kuuliza: je, wanyama wa porini wanaambukiza mifugo yetu, na kupitia mifugo wanatuambukiza sisi? Jibu ambalo watafiti wa ikolojia ya wanyamapori wamelikusanya kwa zaidi ya nusu karne si lile ambalo wengi wetu tungelitarajia. Linagusa moja kwa moja namna tunavyonunua maziwa, tunavyochagua nyama na tunavyowatunza mbwa wetu.

Sotoka na fundisho lake

Ni vyema kuanza na sotoka, kwa kuwa ugonjwa huu ndio uliowafundisha watafiti kutoamini kila kinachosemwa kuhusu pori. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufagia ng'ombe kwa kiasi ambacho jamii zilizowategemea zilibaki katika njaa kali. Nyati, nyumbu na wanyama wengine wenye kwato walikufa pia. Miongo mingi baadaye ugonjwa uliendelea kurudi, na katika Serengeti ndama wa nyumbu waliendelea kufa mwaka baada ya mwaka. Dhana iliyoenea wakati huo ilikuwa kwamba pori ndilo ghala la ugonjwa, na kwamba hata ng'ombe wote wakichanjwa, nyumbu na nyati wataurudisha tu.

Walter Plowright, daktari wa mifugo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alitengeneza chanjo iliyokuwa salama na iliyoweza kuzalishwa kwa wingi. Ng'ombe waliokuwa wakiizunguka Serengeti walipochanjwa, katika miaka ya mwanzo ya 1960 sotoka ilitoweka pia kwa nyumbu, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Nyumbu waliokadiriwa kuwa takriban 250,000 mwaka 1961 walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Ilibainika hivyo kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu.

Jambo kama hilo lilitokea tena jirani kabisa na Same. Katikati ya miaka ya 1990 sotoka iliua nyati wengi ndani ya Tsavo, pamoja na tandala na pofu. Aina hiyo ya kirusi ilikuwa pole mno kwa ng'ombe, kiasi kwamba mfugaji angeweza kuona homa ndogo na machozi kwa ng'ombe wake bila kushuku lolote. Wanyama wa porini ndio waliotoa ishara. Mwaka 1997 ugonjwa ulibainika kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania, ukadhibitiwa kwa chanjo, na haukuonekana tena nchini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufikia hatua hiyo. Mlaji wa leo aliyezaliwa baada ya hapo huenda hajawahi hata kulisikia jina lake, na hiyo ni heri.

Mtafiti anatafuta nini?

Wengi humdhania mtafiti wa wanyamapori kuwa ni mtu wa kuhesabu twiga na kupiga picha simba. Kazi hiyo ipo, lakini anayechunguza maradhi huwa na mambo matatu ya kutafuta. Kwanza, ni wanyama gani wanaougua. Pili, ni wanyama gani ambao kimelea cha ugonjwa kinaweza kudumu miongoni mwao miaka nenda miaka rudi bila msaada wa wengine. Tatu, makundi hayo mawili yanakutana wapi na lini. Jambo la pili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mnyama anayekufa kwa wingi si lazima awe ndiye anayeutunza ugonjwa. Mara nyingi anayekufa ni mgeni wa ugonjwa huo, na mwenyeji wake ni yule asiyeonyesha dalili.

Ili kulijua hilo, mtafiti huchukua damu ya nyati aliyelazwa kwa sindano ya usingizi, damu ya ng'ombe walio zizini, na kwa idhini yao damu ya watu wanaoishi nao. Maabara hutafuta kingamwili ndani ya damu hiyo, yaani alama ambazo mwili huzibakiza baada ya kupambana na kimelea fulani, hata kama ugonjwa ulikwisha kupita. Vinasaba vya kimelea vikisomwa, huonyesha pia kama kile kilichomuua mnyama wa porini na kile kilichomuua wa kufugwa ni cha ukoo mmoja. Hata hivyo, sehemu kubwa ya siku za mtafiti hupita katika kuuliza maswali. Mara nyingi anayejua zaidi ng'ombe amepatia wapi kupe ni kijana anayemchunga, na mtafiti mwenye busara humsikiliza huyo kabla ya kufungua sanduku lake la vifaa.

Maji ndipo mahali pa kwanza pa kuchunguzwa. Jina Mkomazi lenyewe huelezwa kuwa limetokana na maneno ya Kipare yenye maana ya kijiko cha maji, na anayeijua tambarare hiyo wakati wa kiangazi hatalishangaa jina hilo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wengi walilishwa ndani ya eneo ambalo sasa ni hifadhi. Tangu wafugaji walipoondolewa, mpaka umefungwa kisheria kwa mifugo, lakini haukufungwa kwa kupe, kwa inzi wala kwa mbwa. Pale maji yanapobaki machache, wa nje na wa ndani hukaribiana. Mambo kama hayo yamechunguzwa kuzunguka Ruaha chini ya mradi uliopewa jina la HALI, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California. Profesa Rudovick Kazwala wa Sokoine, mmoja wa viongozi wa mradi huo, alikuwa amekwisha kushiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambao ulionyesha kuwa baadhi ya Watanzania waliovimba tezi za shingo walikuwa na vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa mlaji, njia kuu ya vimelea hivyo kumfikia ni maziwa yasiyochemshwa.

Mbwa wetu na wanyama wao

Mkomazi yenyewe ina kisa chake. Mwezi Desemba 2000 ugonjwa ulizuka katika kituo kilichokuwa kikizalisha mbwa mwitu walio hatarini kutoweka, na katika muda wa miezi miwili mbwa mwitu 49 kati ya 52 walikuwa wamekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliyewaua ni kirusi cha distempa, kirusi kile kile kinachojulikana kwa mbwa wa kufugwa. Wanyama hao walikuwa wamechanjwa, lakini chanjo iliyotumika haikutosha kuwakinga. Distempa haimdhuru binadamu. Tunaitaja hapa kwa sababu inaonyesha jinsi maradhi yanayozoeleka kwa mbwa wa kawaida yanavyoweza kufuta kazi ya miaka mingi ya uhifadhi kabla mvua moja haijakwisha. Mwaka 1994 ugonjwa huo huo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kichaa cha mbwa ni jambo zito zaidi kwetu. Utafiti wa miaka mingi katika eneo la Serengeti, ambao Sarah Cleaveland na wenzake Watanzania na wageni walishiriki, ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaoudumisha ugonjwa huo. Fisi na mbweha huupata na kuupitisha kwa muda, kisha mlolongo wao hufifia. Kwa hiyo mzazi wa Hedaru anayemwonya mtoto wake dhidi ya fisi, huku mbwa wa nyumbani akiwa hajachanjwa, ameiangalia hatari akiwa ameipa mgongo. Wataalamu wanapendekeza angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili mlolongo wa maambukizi ukatike. Aliyeng'atwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, tiba karibu haipo.

Pori nalo lina lake

Haitakuwa haki kudai kwamba pori halina mchango wowote. Nyumbu huwa na kirusi ambacho hakiwaumizi wao lakini huua ng'ombe wanaolisha pale wanapozalia, na wafugaji wa Kimasai waliijua hatari hiyo na kuhamisha mifugo yao zamani kabla ya maabara kuithibitisha. Nyati hubeba vimelea vinavyopitishwa na kupe na kumwangusha ng'ombe kwa ugonjwa wa jamii ya ndigana kali. Mbung'o huchukua vimelea vya nagana kutoka kwa wanyama wa porini na kuvipeleka kwa ng'ombe. Hasara hizi ni za mfugaji, na ni kubwa, lakini haziingii katika sahani ya mlaji. Kwa maradhi haya mtafiti humshauri mfugaji kuepuka malisho fulani kwa miezi fulani, na kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe bila kuruka wiki.

Kimeta hakiko upande wowote. Mbegu zake hukaa ardhini kwa miaka mingi, na mnyama wa porini, ng'ombe na mtu wote hufa kwacho. Mwaka 2016 kiliwaua wanyama wa porini katika eneo la Selela wilayani Monduli, na huko nako mifugo na watu hawakusalimika.

Homa ambayo si malaria

Kuna utafiti mmoja uliofanyika katika mkoa wetu wa Kilimanjaro ambao kila mlaji angefaa kuufahamu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti wakiongozwa na John Crump waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali ya KCMC na hospitali ya Mawenzi, mjini Moshi. Zaidi ya nusu yao, wagonjwa 528, walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo makini vilionyesha kwamba homa ya wagonjwa 14 tu ndiyo iliyosababishwa na malaria. Miongoni mwa waliopimwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, takriban robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa za kupe, homa ya Q na bruselosisi.

Tafsiri yake ni nzito. Mtu anaweza kumeza dawa za malaria mara mbili na tatu, akatumia fedha za ada ya shule, huku ugonjwa alionao ulitoka katika zizi lake mwenyewe au katika chupa ya maziwa aliyoinunua njiani.

Maziwa

Bruselosisi ndiyo inayosababisha ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo yanayoweza kudumu miezi. Kimelea chake hufa kwa joto: nyuzi 72 kwa sekunde 15 kwa mitambo ya kiwandani, au kwa kuchemsha sufuriani hadi maziwa yafure na kutokota. Mnunuzi hana njia ya kumtambua ng'ombe mwenye ugonjwa kwa kuyaangalia maziwa wala kwa kuyaonja, na sifa njema ya muuzaji haiwezi kuchukua nafasi ya moto. Maziwa ya ng'ombe wa ndani wa kule milimani, anayekatiwa majani na asiyewahi kukutana na nyati, nayo yachemshwe vilevile, kwa kuwa ugonjwa huu husambaa baina ya mifugo yenyewe.

Mtindi unahitaji neno la pekee, kwa sababu hapo ndipo watu wengi makini huteleza. Uchachu wa maziwa yaliyogandishwa yakiwa mabichi hauaminiki kuua vimelea hivi. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, kisha ndipo yatiwe kimbegu cha mtindi uliotangulia na kuachwa yagande. Ladha hutofautiana kidogo, na wazee watanung'unika. Wanunuzi wa mtindi wa barabarani wana haki ya kumuuliza muuzaji kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Nyama

Muhuri ulio juu ya mzoga buchani si urembo. Unaonyesha kwamba mkaguzi wa nyama alimwona mnyama akiwa hai, na baada ya kuchinjwa alipasua tezi za kichwa, mapafu na ini akitafuta vijipu vya kifua kikuu, minyoo na alama nyingine. Mnyama aliyechinjiwa kichakani huenda alikuwa mzima kabisa, lakini hakuna aliyezipasua tezi zake. Mlaji aombe kuonyeshwa muhuri, na akinyimwa aondoke.

Nyama ya kibudu, yaani ya mnyama aliyejifia, isinunuliwe wala isikubaliwe hata kwa zawadi. Kwa kimeta hatari humwanza anayechuna ngozi, kabla hata sufuria haijabandikwa, na mbegu zake haziuawi kwa uhakika na mapishi ya kawaida. Mnyama aliyekufa ghafla, akatokwa damu isiyoganda puani au penginepo, asipasuliwe kabisa. Mbwa wafukuzwe na afisa mifugo wa kata aitwe.

Tunafahamu ugumu uliopo hapa. Anayetoa taarifa huenda akapoteza mnyama, na karantini ikitangazwa mnada hufungwa na majirani humtazama kwa jicho baya. Wapo wanaonyamaza kwa sababu hiyo, na si watu waovu. Lakini kimeta kinachofichwa hubaki katika udongo wa malisho yale yale, na mwakani kitamchukua ng'ombe wa pili wa mtu yule yule.

Kuhusu nyamapori, kanuni zilizotungwa mwaka 2020 zinaruhusu iuzwe katika bucha zilizopewa leseni, nyama ikiwa na uthibitisho wa mahali ilikotoka na ikiwa imekaguliwa. Mnunuzi adai risiti na aitunze. Nyama inayopitishwa usiku nyuma ya nyumba ina makosa mawili kwa pamoja: ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kwa muuzaji na kwa mnunuzi, na ni nyama ambayo hakuna mtaalamu aliyeigusa.

Anapokwenda hospitali

Mwenye homa iliyozidi siku chache, au iliyorudi baada ya dawa, amweleze mganga bila kuulizwa mambo haya: kama anafuga au anachinja, kama alishika mimba iliyotupwa au kondo la nyuma, kama amekunywa maziwa mabichi, na kama aliumwa na kupe. Taarifa hizo ndizo zinazomwezesha mganga kuagiza kipimo kinachofaa. Bruselosisi ikithibitishwa, dawa zake humezwa kwa muda usiopungua wiki sita. Wengi hupata nafuu katika wiki ya pili na kuacha, kisha homa huwarudia, na safari hii huwa ngumu zaidi kuitibu.